Herufi Zinazoinama

Ndugu msomaji, kama ndani ya nyumba yako kuna kadi ya harusi, naomba uichukue uitazame kabla hatujaendelea. Hapa kwetu Chitete nyumba nyingi za Wakristo zinayo moja au mbili, imechomekwa pembeni mwa kioo au inatumika kuwekea alama ndani ya Biblia. Tazama majina ya bwana harusi na bibi harusi. Kuna uwezekano mkubwa yameandikwa kwa herufi zilizolala kidogo kuelekea kulia, kama mahindi yanavyoinama upepo ukipita. Ubavu wa kila herufi ni mnene na mweusi, lakini pale mstari unapopanda au kupinda unakuwa mwembamba kama unywele. Mwishoni mwa mistari kuna visigino vidogo vyenye ncha. Wenye kazi ya kuchapa huita mlazo huo italiki. Sisi wengine tunaziita tu herufi za harusi.

Mimi ni katibu wa ushirika. Mbali na kuandika mihtasari ya baraza la wazee, kazi yangu kubwa ni karatasi: ratiba za ibada, kadi za michango, matangazo, barua za washirika wanaohama, na mara nyingi kuliko ninavyopenda, ratiba za mazishi. Kwa hiyo nimeishi na herufi hizi kwa muda mrefu. Nataka kuandika habari zake kwa sababu kwazo nimejifunza jambo moja la imani: uzuri ni karama ya Mungu, lakini karama hiyo inapimwa kwa yule aliye dhaifu kuliko wote kati ya wanaoketi ibadani.

Wapo watakaouliza, herufi na imani wapi na wapi? Naomba wasome tena Kitabu cha Kutoka. Mungu alipoagiza mavazi ya Haruni, aliagiza majina ya wana wa Israeli yachorwe juu ya vito, ili kuhani ayabebe mabegani na kifuani aingiapo mahali patakatifu. Kazi hiyo ilitakiwa ifanywe na fundi wa kuchonga mihuri, siyo na mtu yeyote aliyekuwa karibu. Katika kitabu hicho hicho tunasoma kwamba Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, vito na miti. Kwa hiyo Mungu wetu hachukii kitu kizuri, na majina ya watu yakiandikwa kwa uzuri yeye hakasiriki.

Lakini Biblia ina upande wa pili pia. Nabii Habakuki aliambiwa aandike maono yake waziwazi juu ya vibao, msomaji asipate shida. Paulo, akifunga waraka wake kwa Wagalatia, anawaonyesha ukubwa wa herufi alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe. Na Ezra alipoisomea watu torati, Walawi walihakikisha watu wanaelewa kilichosomwa. Pande zote mbili, uzuri na uwazi, zinatoka kwa Mungu mmoja. Shida yetu ni kuziweka pamoja katika karatasi moja.

Nilipoanza kufuatilia asili ya herufi hizi nilifika mbali, mpaka mji wa Venice, Italia. Huko aliishi mchapaji aliyeitwa Aldus Manutius. Mwaka 1500 alichapa kitabu cha barua za Mtakatifu Katarina wa Siena, na ndani yake akaweka picha ya huyo mama ameshika kitabu na moyo. Juu ya kitabu na juu ya moyo palichapwa maneno machache kwa herufi za mlazo, ambazo hazikuwahi kuonekana katika vitabu vya kuchapwa. Maneno hayo yalilitaja jina la Yesu. Mwaka uliofuata, 1501, Aldus alitoa kitabu kizima cha mshairi wa Kirumi Virgil kwa herufi hizo. Fundi aliyezichonga aliitwa Francesco Griffo, naye aliiga mwandiko wa wasomi wa siku zile walioandika kwa haraka, kalamu ikikimbia na kuinama.

Jambo lililonigusa ni lile lililofuata. Mwanzoni herufi za mlazo zilitawala ukurasa mzima, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Baada ya muda wachapaji waliona kwamba safari ndefu ya kusoma inahitaji herufi zilizosimama. Basi wakazirudisha zilizosimama kubeba mzigo wa ukurasa, na zile zilizoinama wakazipa kazi ndogo za heshima: kutia mkazo neno moja, kuonyesha jina la kitabu, kutenga neno la kigeni. Zilishushwa cheo, lakini hazikutupwa. Zimedumu miaka zaidi ya 500 kwa sababu zilikubali kuwa wasaidizi.

Mojawapo ya kazi hizo ilikuwa ndani ya Biblia yenyewe. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa Geneva mwaka 1560, watafsiri walipolazimika kuongeza neno ili sentensi ikamilike, neno ambalo halikuwamo katika Kiebrania au Kigiriki, walilichapa kwa herufi za mlazo. Biblia ya Mfalme Yakobo ilifuata desturi hiyo katika matoleo yake ya baadaye, na hadi leo nakala nyingi ziko hivyo. Ni kama mtafsiri anasema, "Hili ni langu, msilihesabu kuwa la nabii." Napenda unyenyekevu huo. Mtu aliyepewa Neno la Mungu mkononi aliogopa kuchanganya sauti yake na sauti ya Bwana, na herufi iliyoinama ikamsaidia kuwa mkweli.

Ile tofauti kubwa ya unene na wembamba ilikuja baadaye. Katika karne ya 18 alikuwako mchapaji wa Birmingham, Uingereza, aitwaye John Baskerville. Alitaka mistari myembamba kuliko waliyoizoea watu, lakini karatasi za wakati ule zilikuwa na mikunjo na wino ulikuwa hafifu. Ilimbidi atafute karatasi laini zaidi, aikandamize kwa joto, na kutengeneza wino mweusi zaidi. Biblia aliyoichapa Cambridge mwaka 1763 inahesabiwa kati ya Biblia nzuri kuliko zote zilizowahi kuchapwa, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa na aliagiza azikwe katika bustani yake. Mungu anajua kumtumia amtakaye. Baada yake Giambattista Bodoni wa Parma na jamaa ya akina Didot wa Paris waliuendeleza wembamba huo mpaka mstari ukabaki kama uzi.

Leo uzi huo uko mikononi mwa vijana wetu. Ndani ya programu za simu za kutengenezea kadi kuna aina ya herufi iitwayo Playfair Display, iliyotolewa bure mwaka 2011 na mchoraji Claus Eggers Sørensen, naye alitazama kazi za enzi ya Baskerville. Mlazo wake ni mzuri sana. Lakini neno la pili katika jina lake ni onyo: herufi hiyo ilichorwa kwa ajili ya vichwa vya habari na maandishi makubwa. Ikiwa kubwa, mstari mwembamba unaonekana na kupendeza. Ikipunguzwa ikawa ndogo, mstari ule ndio wa kwanza kupotea.

Sasa niseme lililotokea kwetu.

Alifariki mzee mmoja wa ushirika wetu, mtu aliyeimba besi katika kwaya mpaka miguu ilipokataa kumfikisha kanisani. Wajukuu wanaoishi mjini walitaka kumzika babu yao kwa heshima, na hilo ni jambo jema. Walikuja na ratiba ya mazishi iliyochapwa huko, yenye picha ya rangi kwenye jalada. Jalada, wasifu wa marehemu, majina ya watoto na mpangilio wa ibada, vyote vilikuwa katika herufi zile zilizolala, ndogo na nyembamba. Watu walikuwa wengi kuliko nakala, ikabidi nyingine zitolewe kutoka kwenye nakala, kwa mashine ambayo wino wake ulikuwa unakaribia kwisha.

Kila mtu aliyewahi kutoa fotokopi ya fotokopi anajua matokeo yake. Ubavu mnene wa herufi ulibaki, mstari mwembamba ukayeyuka. Herufi o ilifunguka juu na chini ikawa kama mabano mawili. Herufi e ilipoteza mkono wake wa katikati. Herufi n ikabaki vijiti viwili vilivyosimama mbalimbali. Kwa sisi tuliozoea kusoma, akili ilijaza palipotoboka.

Mjane wa marehemu aliketi mbele, karibu na jeneza. Mama huyu ni wa kizazi cha kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata watu wazima kwa maelfu walishika kalamu kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa mke kijana, alijifunza jioni akitoka shambani, mtoto mgongoni. Tangu wakati huo anasoma Biblia na kitabu cha nyimbo kila siku, kidole kikifuata mstari. Hasomi magazeti wala simu, lakini kile anachokijua anakijua kabisa.

Aliigeuza karatasi huku na huku, akavaa miwani, akaivua. Nilikuwa karibu, nikainama. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nionyeshe alipo mume wangu."

Nikaweka kidole kwenye jina. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hii siyo a ninayoijua mimi."

Alisema kweli. Katika Biblia yake herufi a ina kichwa kilichokunjwa juu ya tumbo. Katika mlazo, kichwa hicho hakipo. A inakuwa duara lenye mkia. Na Kiswahili chetu kimejaa a kuliko herufi nyingine yoyote: Bwana, Baba, amani, maisha, safari, zaburi. Ukiibadilisha a umebadilisha sura ya lugha nzima. Mama aliikunja ile karatasi, akaifunga katika pindo la kitenge chake, na hakuifungua tena mpaka ibada ilipokwisha. Wasifu ulisomwa, watu wote wakafuata mstari kwa mstari, na mtu mmoja aliyekuwa na haki kuliko wote ya kuufuata alikaa mikono ikiwa imefungwa.

Jambo hilo lilifika kwenye baraza la wazee. Mzee mmoja alikuwa na maneno makali. Alitaka herufi hizo zipigwe marufuku katika karatasi zote za ushirika. Alisema ni majivuno ya mjini na kwamba zinamuumiza macho. Vijana waliowakilishwa pale walijibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma. Walisema, "Mzee wetu, mbona kitambaa cha meza ya Bwana kimedariziwa? Mbona kwaya inashona sare? Tukiandika jina la marehemu kwa uzuri tumekosa nini?"

Nilikumbuka kisa nilichokisoma. Huyo Baskerville alilaumiwa sana kwamba mistari yake myembamba ingewapofusha wasomaji. Mwaka 1760 hivi Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa mchapaji pia, alimwandikia kumsimulia habari za bwana mmoja aliyelalamika hivyo. Franklin alimpa bwana yule karatasi ya herufi za mchapaji mwingine, Caslon, zile ambazo watu walizisoma kila siku bila shida, akamwacha adhani ni za Baskerville. Bwana yule akazitazama na kuanza kuonyesha makosa moja baada ya jingine, na macho yakamuuma vilevile.

Sikukisimulia kisa hicho kikaoni, kwa maana mzee wetu angeona namsema. Lakini kilinisaidia kutenganisha mambo mawili. Kuna lawama inayotoka katika mazoea, na kuna kilio kinachotoka katika hitaji. Mzee wetu alikuwa anasoma vizuri tu. Kilichomuuma kilikuwa ugeni. Mama mjane hakulaumu kitu, hakutaka marufuku wala hakumtaja mtu. Alitaka tu kumwona mume wake kwenye karatasi. Kanisa linaloshughulika na lawama peke yake litakuwa linasikiliza wenye sauti, na mtu kama mama huyu halitamsikia kamwe.

Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba kanisani maneno matano yanayoeleweka yana faida kuliko maelfu yasiyoeleweka. Hakuwakataza karama ya lugha. Aliiwekea utaratibu ili mgeni na mtu wa kawaida wajengwe. Nilipendekeza tufanye hivyo hivyo na herufi. Baraza likakubaliana mambo matatu. Jina la marehemu, majina ya maharusi na kichwa cha ibada vyaweza kuandikwa kwa herufi za mlazo zenye uzuri, mradi ziwe kubwa za kutosha hata mstari mwembamba usipotee. Mengine yote yaandikwe kwa herufi zilizosimama, kama zile za Biblia. Na kabla karatasi yoyote haijatolewa nakala nyingi, isomwe kwanza na mmoja wa wazee wetu wenye macho hafifu, kutoka kwenye nakala iliyotoka mashineni, siyo kwenye kioo cha kompyuta.

Hilo la tatu ndilo gumu. Sisi wa Chitete kazi kubwa za uchapaji tunazipeleka Tunduma, na masika barabara ina matope na siku ni chache. Kuongeza hatua moja ni kuongeza gharama. Lakini tumeishika, na msomaji wetu wa kwanza amekuwa yule yule mama.

Nilimpelekea kitu kingine pia. Niliuandika upya wasifu wa mume wake kwenye karatasi moja nzito. Juu niliweka jina lake kwa herufi zile za harusi, kubwa, linachukua upana wote wa karatasi. Chini yake habari za maisha yake kwa herufi zilizosimama, kubwa kama za Biblia yake. Aliiweka mapajani, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikitembea. Alipofika mstari wa pili alisimama.

"Jina la kijiji alikozaliwa mmeliandika vibaya," akasema. Akanitajia herufi zake moja moja.

Wajukuu hawakuwa wanakijua kijiji hicho. Walikiandika kama walivyokisikia kwa simu. Katika watu wote waliokuwa na ile ratiba mkononi siku ya mazishi, ni yeye tu aliyeweza kuliona kosa hilo, na ni yeye tu ambaye karatasi ilimfungia mlango. Nilikwenda kusahihisha siku hiyo hiyo, na wajukuu wakapelekewa nakala mpya. Watoto wao watajua babu mkuu alitoka wapi.

Kuhusu jina lile kubwa juu ya karatasi, alilitazama akatabasamu. Alisema sasa ile a anaitambua, kwa sababu jina lenyewe analijua, na jina linamfundisha herufi. Nimelifikiri neno hilo mara nyingi. Uzuri ulipokuwa mdogo na umejaa kila mahali, ulimtoa nje. Ulipowekwa mahali pake, ukubwa wake ukimjali, ulimwingiza ndani na kumwongezea herufi mpya akiwa na miaka zaidi ya sabini.

Wapendwa, katika kila ushirika kuna mambo yanayofanana na mstari huu mwembamba. Kuna mahubiri yenye maneno mazito ya chuoni, kuna vyombo vya muziki vinavyofunika maneno ya wimbo, kuna ibada inayorefuka mpaka mwenye maumivu ya mgongo anaondoka kimyakimya. Hakuna kati ya hayo lililo baya kwa asili yake. Swali la kuuliza ni nani anayebaki na karatasi iliyokunjwa mkononi, naye hatasema. Ukipewa kazi ya kuandaa kitu kwa ajili ya watu wa Mungu, kifanye kizuri kadiri ya uwezo wako, kisha kipeleke kwa huyo kwanza, ukae naye mpaka amalize kusoma.

Bwana wetu aliwaambia wale sabini, waliporudi na furaha ya kazi yao, wafurahi zaidi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Naamini yameandikwa kwa uzuri kupita mwandiko wa fundi yeyote wa Venice au Parma. Na naamini kila mmoja wetu, awe msomi au mtu wa kisomo, akifika huko atalisoma lake bila kuonyeshwa kwa kidole.